Koti Lililotangulia Shahada

Koti lilikuwa tayari miaka miwili kabla ya shahada kujulikana jina. Lilining'inia nyuma ya mlango wa karakana ya mama, ndani ya mfuko wa nailoni, jeupe pepepe, lenye kola iliyosimama kama imeitwa jina lake, mifuko mitatu, na kifungo cha akiba kilichoshonewa kwa ndani. Wateja waliokuja kupimwa suruali waliuliza ni la nani. Mama, ambaye saa zote alikuwa amebana pini midomoni, aliwajibu kwa kidevu tu: alikielekeza kwenye kiti cha dirishani, alikokaa binti yake akichomoa nyuzi za bandi, zile za kushikizia nguo kabla ya cherehani, kwenye sare za watu.

Binti huyo waliomzaa walimpa jina lao, lakini watu wote walimwita Dokta. Jina alilipata akiwa na miaka sita, siku alipomfunga bendeji mwanasesere wa jirani, kisha jirani mwenyewe, kisha mguu wa cherehani uliokuwa ukilia kila ukikanyagwa. Mama alitia mafuta kwenye cherehani kwa siri, kilio kikakoma, na sifa zote akazichukua tabibu. Tangu hapo jina likamganda kama uzi kwenye sweta. Hata kadi ya mwaliko wa harusi ya binamu yake ilikuja imeandikwa "Dokta na mama yake."

Kulikuwa na jambo moja tu lililojulikana kumhusu zaidi ya jina hilo, nalo ni tumbo lake. Karakana haikuwa na saa ya ukutani kwa sababu haikuihitaji. Ilipotimia saa saba mchana, Dokta aliweka sindano chini na kusema, "Jamani," na mama akazima pasi. Alikula siku za mitihani, alikula siku za misiba; aliwahi kuugua homa ya siku nne na akala siku zote nne. "Mwanangu huyu akisahau kula," mama alipenda kusema, "msiite daktari. Iteni magazeti."

Mambo yalianza kwenda mrama siku fomu ilipoletwa nyumbani.

Chuo alichokubaliwa hakikuwa na njia ya mkato. Hakuna aliyetoka sekondari akaingia udaktari moja kwa moja. Mtu alisomea kwanza shahada ya sayansi, akaimaliza, ndipo akaenda kugonga mlango wa kitivo cha tiba. Fomu ilikuwa na mistari sita ya shahada za sayansi, na mbele ya kila mstari kisanduku kidogo. Uchague kimoja, kwa kalamu ya wino, na uirejeshe kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Mwenye kuchagua vibaya alisubiri mwaka mzima ndipo aombe kuhama, na mwaka mzima wa alama mbovu ulitosha kabisa kuufunga ule mlango wa pili.

Dokta alikwenda kwa karani wa udahili, mwanamke mwenye muhuri mkononi na foleni ndefu mbele yake.

"Samahani, dada. Ipi kati ya hizi inafika kwenye udaktari?"

"Zote."

"Nina maana, ipi inafika zaidi?"

"Mdogo wangu, sikiliza." Karani aliuweka muhuri chini, jambo ambalo foleni nzima ililiona na kulisikitikia. "Yapo masomo manne wanayoyataka kule kwenye tiba. Katika shahada zote sita unaweza kuyasoma. Ukiyapata, na alama zako zikawa za juu, unaruhusiwa kuomba. Nimesema kuomba. Sikusema kupewa."

"Na wanaonyimwa?"

"Wanabaki na shahada waliyoichagua. Maisha yao yote. Anayefuata!"

Dokta alirudi nyumbani na maneno hayo matatu yakimfuata kama kuku wa kufugwa: maisha yao yote. Angeambiwa kwamba njia ni moja na ina miiba, angeivalia viatu. Kuambiwa kwamba njia zote ni sawa kulimtia kiwewe. Na chini ya kiwewe hicho palikuwa na jambo jingine, dogo na chungu, ambalo hakumwambia mtu. Aliitwa Dokta tangu akiwa na miaka sita. Hakujua tena kama udaktari alikuwa anaupenda, au alikuwa ameuzoea tu, kama mtu anavyozoea kuitika.

Jumapili ukoo ulikutana kwenye meza ya kukatia nguo. Fomu iliwekwa katikati na kubanwa kwa mkasi, feni isije ikaipeperusha.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa mjomba, kaka yake mama, fundi wa miwani. Mtaani aliitwa Mjomba Miwani, na kwa haki: alivaa moja puani, nyingine kichwani, na mara nyingi alikuwa akiitafuta ya tatu.

"Fizikia," alisema. "Hakuna mjadala. Jicho ni nini? Lenzi. Moyo ni nini? Pampu. Mfupa ni nini?"

"Mfupa," alisema shangazi.

"Wenzo, shemeji! Mfupa ni wenzo!"

"Basi niache na mifupa yangu." Shangazi, dada yake baba, alifanya kazi masjala ya hospitali, ambako kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amebeba majalada ya wagonjwa kutoka rafu hadi rafu. "Dokta, mwanangu, chukua mikrobiolojia. Katika kila majalada kumi, saba ni vijidudu."

"Unayasoma majalada ya watu, wifi?" aliuliza mama.

"Siyasomi. Huwa yanafunguka."

Mama alichomoa pini midomoni moja baada ya nyingine, ishara kwamba sasa anasema kwa kirefu. "Fiziolojia. Inahusu mwili, na udaktari unahusu mwili. Wamefanana kama pacha. Tena nimeshawaambia wateja."

"Umeshawaambia?" Dokta alishtuka.

"Watatu tu." Mama alifikiri kidogo. "Na mwenye duka la vifungo."

"Basi na serikali inajua," alisema Mjomba Miwani.

Wakampigia simu baba, ambaye alikuwa dereva wa lori na wiki ile alikuwa njiani na shehena ya saruji. Walimsomea mistari yote sita. Walipofika wa nne akawakatisha: "Huo hapo unaitwaje?"

"Bayokemia."

"Bayo nani?"

Wote wakaangua kicheko, na bayokemia ikapitwa kama mgeni ambaye hakualikwa na mtu yeyote mezani. Baba alisema waandike lolote, yeye akirudi atalizoea, kisha mlio wa honi ukamchukua.

"Sasa na mwenyewe?" Mjomba Miwani alimgeukia mpwa wake, akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya puani ili amwone vizuri. "Wewe unataka ipi?"

"Nataka ile itakayonifikisha."

"Karani amekwambia zote zinafika."

"Ndiyo maana sijui, mjomba."

"Mchagua jembe si mkulima!"

Dokta aliitazama fomu chini ya mkasi. Kisha akautazama ukuta wa karakana, ambako nguo za wateja zilikuwa zimetundikwa kwa safu, kila moja ikiwa imeshikizwa kwa zile nyuzi nyeupe ndefu za bandi, zikisubiri wenyewe waje kuzijaribu kabla ya kupigwa cherehani. Ndipo wazo likamjia.

"Mama, umewahi kumshonea mtu bila kumjaribisha?"

"Niwe na wazimu?"

"Hata sketi ya mtoto wa shule?"

"Hata leso ningeweza kumjaribisha mtu, ningemjaribisha. Nguo haipimwi kwa macho. Unakata, unapiga bandi, unamvalisha, unamwambia ainame, ainuke, anyooshe mikono. Panapobana, unafumua. Cherehani ni ya mwisho."

"Basi mimi mnataka kunipiga cherehani miaka mizima kabla ya kunivalisha."

Shangazi alianza kucheka kwa mabega. Mama alizikusanya pini zake mezani; mtu aliyenaswa na kanuni yake mwenyewe hana pa kukimbilia.

"Haya," alisema hatimaye. "Nenda ukajaribu. Lakini fiziolojia usiipite."

Kesho yake asubuhi na mapema karani wa udahili, kwa kuwa alitaka foleni isogee, alimwandikia kibali cha mgeni: Jumatatu fizikia, Jumanne mikrobiolojia, Alhamisi fiziolojia, na kila mwalimu atie saini. Chini aliongeza kwa herufi kubwa kwamba hakuna kuingia maabara bila koti jeupe. Hilo mama alilipokea kwa furaha isiyofichika. Mfuko wa nailoni ukafunguliwa.

Koti lilimfikia Dokta chini kidogo ya magoti. Mama alilikata kwa kuigiza koti la daktari mkuu wa hospitali ya shangazi, ambalo lililetwa karakanani siku moja kurekebishwa mfuko, akaona hakuna sababu ya mwanawe kuanzia chini. Jambo ambalo si mama wala binti aliyelijua ni kwamba pale chuoni urefu wa koti ulikuwa cheo. Wanafunzi walivaa yaliyoishia nyongani. Yaliyofika magotini yalivaliwa na walimu.

Jumatatu alikwenda fizikia. Mwalimu aliviringisha gololi kwenye ubao ulioinamishwa, na kwa saa nzima akaeleza kwa nini iliviringika. Dokta alielewa kila neno.

"Ilikukaaje?" mama aliuliza jioni, kama anavyouliza wateja.

"Ilinibana kwapani. Sikuweza kunyoosha mkono kuuliza swali."

"Kwa nini?"

"Sikuwa na swali."

Jumanne ilikuwa mikrobiolojia. Alivaa koti kwa mara ya kwanza, na alistaajabu kuona jinsi watu wa chuo walivyolelewa vizuri: walimpisha koridoni, walimfungulia milango, kijana mmoja alificha mkate mgongoni alipomwona. Maabarani walipaka matone kwenye vikombe bapa, wakavifunika, wakaambiwa warudi baada ya siku mbili waone kilichoota.

"Hiyo je?"

"Ilinipwaya, mama. Nzuri, lakini ningeingia mimi na mtu mwingine."

"Shangazi yako asisikie." Mama alifurahi waziwazi. Mbili zilikuwa zimeanguka. Iliyobaki ni ile aliyokwisha kuwaambia wateja.

Alhamisi saa nne asubuhi, Dokta alipanda ngazi hadi koridoni mwa maabara, akihesabu milango. Fiziolojia ilikuwa mlango wa kumi na mbili. Alipofika mbele ya wa kumi na moja, mlango ukafunguka ghafla na mkono ukamshika kiwiko.

"Mwalimu! Afadhali umekuja. Mate yetu yamekataa kazi."

Aliyemshika alikuwa msichana mwenye kalamu sikioni. Nyuma yake alisimama kijana mrefu kama ngazi, uso umemjaa huzuni, ameshika kigae cheupe chenye matone meusi safu kwa safu.

Dokta alifungua mdomo aseme kwamba yeye si mwalimu, kwamba amekosea mlango, au tuseme mlango ndio umemkosea. Lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kukiona kile kigae, na kilichotoka mdomoni kikawa kingine.

"Mate ni ya nani?"

"Ya huyu," alisema mwenye kalamu.

"Yangu yana kosa gani?" alilalamika yule mrefu.

"Ulikula nini asubuhi, nani ajuaye!"

Walimweleza, wakipokezana na kukatizana. Wanga ukidondoshewa iodini hugeuka buluu nzito, karibu na nyeusi. Ndani ya mate kuna kimeng'enya, yaani kitu kinachoukata wanga vipande vipande uwe sukari. Kwa hiyo ukichanganya mate na wanga, ukauweka mchanganyiko kwenye maji ya uvuguvugu, na kila dakika ukachukua tone ukalipima kwa iodini, weusi unapaswa kupungua hadi ukaisha, dalili kwamba wanga umekwisha kukatwa. Wao walikuwa wamechukua matone ishirini. Yote meusi. Mwalimu wa maabara alikuwa ameitwa stoo, na kengele ingelia wakiwa hawana jibu.

"Tumejaribu na mate yangu," alisema mwenye kalamu. "Vilevile."

"Leteni mrija mwingine," alisema Dokta, akatema ya kwake kwa adabu kubwa, amegeukia ukutani.

Vilevile. Meusi.

Wanafunzi wa meza za jirani walianza kusogea. Mmoja alisema labda iodini imeharibika. Mwingine akasema labda ni wanga. Wa tatu akasema labda ni laana. Dokta hakuwasikia. Alikuwa anatazama lile sanduku la maji ambamo mirija yote ilikuwa imesimamishwa, akaona kioo chake kimefunikwa na mvuke. Akafanya jambo ambalo alikuwa amelifanya maelfu ya mara karakanani kabla ya kugusa kitambaa kwa pasi: alilowesha ncha ya kidole, akaigusisha pembeni ya sanduku, akaitoa haraka.

"Haya si maji ya uvuguvugu. Haya ni ya chai!"

Kijana mrefu aliinama kukisoma kipimajoto. "Sabini na tatu."

"Na karatasi ya ukutani inasema?"

Mwenye kalamu alisoma, akafumba macho. "Thelathini na saba."

"Nani alitega joto hili?"

Yule mrefu alionekana kupungua kimo.

Dokta alihisi kitu kikimpanda kutoka tumboni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake haikuwa njaa. Aliiona nailoni chini ya pasi kali, jinsi inavyojikunja mara moja na isirudi tena, hata uinyooshe, hata uibembeleze. "Mate yenu hayajakataa kazi," alisema. "Mmeyapika."

"Basi tuyapoze," alisema kijana mrefu kwa matumaini. "Yatarudi."

"Yai ukishalichemsha, ukalipoza, linarudi kuwa bichi?"

"Hapana, lakini…"

"Lakini hatujui. Tujaribu. Nusu tuyapoze hayo yaliyopikwa. Nusu tuanze na mate mapya kwenye thelathini na saba. Nani bado ana mate?"

Walitema mpaka wakakauka. Wakaweka vigae viwili sambamba, na maabara nzima ikazunguka meza moja. Kigae cha mate yaliyopikwa kilibaki cheusi, tone baada ya tone, kimya kama kaburi. Kigae cha pili, tone la kwanza lilikuwa jeusi. La tatu jeusi. La tano, mtu akasema, "Ngoja," kwa sababu lilikuwa la zambarau. La saba lilikuwa hudhurungi. La tisa likabaki na rangi ya iodini yenyewe, kahawia hafifu, kama chai iliyochujwa mara tatu. Kelele zilizopigwa zilifaa mpira wa miguu.

Dokta hakupiga kelele. Alisimama, mirija mkononi, na maswali yalikuwa yakimjia kama watu wanaosukumana mlangoni. Thelathini na saba ni joto la mwili. Ile homa yake ya siku nne, mama akimkanda kwa kitambaa cha maji baridi: je, mwili unaogopa nini hasa katika digrii mbili, tatu zilizozidi? Vitu vidogo hivi vilivyomo ndani ya mtu, vingapi? Nani huvitegea joto? Na kikipikwa kimoja tu ndani ya mtoto wa mtu, hospitali hufanya nini? Hakuna aliyekuwa akimwita jina lolote wakati huo. Udaktari ulikuwa umesimama mbele yake peke yake, bila yeye kuitika, na alikuwa anautaka.

"Kwa hiyo mtu akipata homa," alianza kusema kwa sauti, "hivi vimeng'enya vyake…"

"Swali zuri," ilisema sauti kutoka mlangoni. "Sasa nani anauliza?"

Alikuwa mwanamke mnene mfupi, amekumbatia boksi la vioo. Koti lake nalo lilifika magotini, ila mikono ya koti hilo ilikuwa imeliwa na asidi kama imechezewa na panya. Wanafunzi walitazama koti moja, wakatazama la pili.

"Mimi ndiye mwalimu wa maabara hii," alisema. "Na wewe ni mwalimu wa wapi?"

"Mimi…" Dokta alilowa jasho. "Mimi bado sijachagua."

Kicheko kilichofuata kiliangusha kigae kimoja. Mwalimu alinyoosha mkono, akapewa kibali, akakisoma mpaka chini.

"Ulitakiwa mlango wa kumi na mbili."

"Ndiyo, mwalimu."

"Badala yake umenifundishia darasa langu."

"Ndiyo, mwalimu. Kwa bahati mbaya."

"Umevaa cheo ambacho si chako. Nikiandika hapa kile ninachopaswa kuandika, karani hapokei fomu yako kesho. Unalijua hilo?"

Dokta alilijua sasa. Alieleza yote bila kuficha: mama ni fundi, koti limeigwa la daktari mkuu, hakuna nyumbani kwao aliyejua kwamba urefu wa nguo una maana. Alipomaliza, mwalimu alivuta pindo la lile koti, akaligeuza, akautazama mshono wa ndani kwa muda mrefu kuliko alivyokitazama kibali.

"Mirija michafu ipo sitini na minne," alisema. "Ioshe yote. Kisha tutaona kuhusu saini."

Akaiosha. Kila mrija aliousuuza aliuliza swali moja, na mwalimu, aliyekuwa akipanga vioo kabatini, alimjibu: mara kwa kirefu, mara kwa "hilo halijulikani bado," mara kwa "hilo utalikuta mwaka wa pili." Kwenye mrija wa arobaini alimwambia, "Binti, osha kwa mikono, si kwa mdomo." Kwenye wa hamsini aliacha vioo vyake, akavuta kiti.

Dokta alifika nyumbani saa tisa kasoro. Kibali kilikuwa na saini, na kwapani alikuwa amebeba koti la watu lililokunjwa. Mama alikuwa mlangoni. Ndani, Mjomba Miwani, aliyefuata suruali yake, alikuwa amekaa karibu na sahani iliyofunikwa kwa sahani, akiilinda kwa macho manne.

"Haya," mama alisema. "Fiziolojia ilikukaaje?"

"Mama, sikuingia."

"Hukuingia vipi?"

"Nilipitia mlango wa kabla yake. Bayokemia. Nikasahau kutoka."

Mama alibana pini tatu midomoni, kitu alichofanya alipotaka kujizuia kusema. Hazikutosha, akazitoa. "Nimewaambia wateja watatu. Nilikubali ukajaribu hata za kina mjomba wako, na sharti langu lilikuwa moja. Moja tu! Halafu unaniambia umesahau? Wewe? Toka saa nne mpaka saa tisa? Na chakula umekula kwa nani?"

Dokta alifungua mdomo. Akatazama sahani iliyofunikwa. Akaweka mkono tumboni, taratibu, kama anayetafuta funguo.

"Sijala," alisema, na yeye mwenyewe akashangaa.

Mama aliketi kwenye kiti cha wateja, ambacho hakuwahi kukikalia.

"Ulinunua hata mkate?"

"Hapana."

"Hukuhisi njaa?"

"Nilihisi kitu, nikadhani ni njaa. Hakikuwa."

Mjomba Miwani alivua miwani zote mbili. "Iteni magazeti," alinong'ona.

Mama hakucheka. Alinyoosha mkono, akalichukua lile koti lililokunjwa, akalikunjua magotini pake. Lilikuwa la mwalimu wa maabara, aliyeomba fundi aliyeshona pindo la koti la Dokta amrekebishie mikono ya lile lake. Mama alizisoma nguo za watu kama wengine wanavyosoma barua. Alipitisha kidole kwenye matundu ya asidi, mengi zaidi upande wa kulia. Kwenye mfuko uliolegea kwa kalamu. Kwenye kiwiko kilichopauka kwa kuegemea meza.

"Huyu anafanya kazi," alisema. "Huyu haigizi." Kisha, bila kuinua macho: "Na kule kwenye tiba wakikunyima?"

Lilikuwa ndilo swali ambalo Dokta alikuwa akilikimbia tangu siku ya karani. "Nataka wanichukue, mama. Leo nimejua nataka kweli, si kwa sababu ya jina. Nitapeleka alama zangu na nitagonga. Wasipofungua, nitaumia sana. Lakini sitakuwa nimevaa nguo ya mtu mwingine."

Mama alijaribu lile neno midomoni. "Bayo," alisema. "Bayo… nini ile?"

"Kemia."

"Bayokemia. Mwenye duka la vifungo hataweza kuitamka." Wazo hilo lilimpoza kidogo. "Kaa ule."

Ijumaa saa nane mchana karani wa udahili aliipokea fomu, akaona alama ya wino kwenye kisanduku cha nne, akainua nyusi. "Hii hawaichagui wengi. Umeipendea nini?"

"Ilinisahaulisha kula."

Karani alimtazama kuanzia juu mpaka chini, kama anayetafuta mahali pa kuliandika jibu hilo. Hapakuwepo. Akapiga muhuri. "Anayefuata!"

Wiki ya kufungua masomo, Dokta alilishusha koti lake kutoka nyuma ya mlango na kulikuta limefupishwa, limefika nyongani, sawa na ya wanafunzi wote. Moyo ukamruka. Alijua thamani ya kitambaa kile, na alijua mkasi wa mama haujui kurudi nyuma.

"Mama, umelikata?"

"Geuza ndani."

Akageuza. Urefu wote ulikuwepo, umekunjwa kwa ustadi kama barua ndani ya bahasha, pindo nene la zaidi ya shubiri mbili. Na halikuwa limepigwa cherehani. Lilikuwa limeshikizwa kwa zile nyuzi nyeupe ndefu alizokuwa akizichomoa kwenye sare za watu tangu utotoni.

"Ni bandi tu," alisema mama, pini zikiwa zimerudi midomoni. "Siku wakikufungulia kule kwenye tiba, uje nichomoe mwenyewe. Na usiende na tumbo tupu, bado sijakuamini."

Dokta aliondoka na mkate mkononi. Lile pindo nene lilikuwa likimgonga pajani kila alipopiga hatua.